Kiti cha Yanki

Colonia Ferrán, Entre Ríos
Jumatano, Juni

Mpendwa dada yangu Nadine,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Curtis, na majirani wote wa mtaa wetu wanaoniulizia, hata wale wasioniulizia. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umekupa nafuu, na kwaya bado haijapata mwingine wa kushika sauti ya pili. Mimi huku sijambo, kwa kiasi anachoweza kuwa hajambo mtu wa miaka thelathini na saba aliyeruka na kuanguka ili ale. Baridi imeingia. Asubuhi majani yamekuwa meupe, na jiko la gesi linakohoa kwanza ndipo liwake.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo, tena juzi tu tuliongea. Lakini wewe kwenye simu hunipi nafasi, dada. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, tena unaimalizia vizuri kuliko mimi, na mwisho najikuta nimekubali jambo ambalo sikulisema. Safari hii nataka nimalize mwenyewe. Tafadhali kaa chini, na usiniwazie mabaya mpaka ufike mwisho. Ukifika mwisho, niwazie utakavyo.

Kwanza nikujibu kuhusu Joelle. Uliniuliza mwanangu amepatwa na nini, maana kila Ijumaa jioni na kila Jumapili anajifungia kwenye chumba cha kufulia, anakaa juu ya mashine, mashine inazunguka haina hata soksi ndani, naye kavaa lile sweta langu la kijani nililorudi nalo kutoka Finland, sweta ambalo hataki liguswe na sabuni, na masikioni kaziba kwa vile vidude vya simu. Wewe uliamua kuwa ni mvulana. Ukaniapia kwamba ukimjua huyo mvulana utamtia yeye ndani ya mashine. Nilicheka, nikakwambia ni umri tu. Dada, sikujua. Sasa najua, na nitakueleza, lakini lazima nianzie mbali kidogo.

Uliniambia pia kwamba tangu Mei ameacha kuuliza narudi lini. Hilo sikulicheka. Nilikata simu nikakaa jikoni kwa mama mwenye nyumba wangu, Doña Nélida, mpaka chai yangu ikapoa.

Kazi yangu ya mpira wa kikapu wewe unaijua kwa kadi za posta tu. Finland, mahali ambapo watu wanapanda lifti pamoja miaka mingi bila kusalimiana. Cyprus, tulipofika mazoezini asubuhi moja tukakuta mlango umefungwa kwa mnyororo na timu haipo tena duniani. Monterrey, Uruguay, halafu huku Argentina, mji baada ya mji, mabegi mawili na vitanda ambavyo miguu yangu yote inaning'inia nje. Mmarekani kwenye timu hizi ananunuliwa kama friji. Akigandisha, anasifiwa na kila anayekuja nyumbani. Asipogandisha wiki mbili, watu wanaanza kumgonga ubavuni na kuulizana risiti iko wapi. Hivyo ndivyo nilivyoishi tangu tulipomzika mke wangu Renita nikakuachia mtoto, na nilijiambia ni kwa ajili yake.

Septemba nikafika hapa Ferrán, mji wa ng'ombe wa maziwa na kiwanda kimoja cha kuku. Klabu yao, Sportivo, ndiyo ukumbi wao wa harusi, ndiyo maktaba yao, ndiyo mahali pa kugombana. Rais wa klabu ni Omar Bertolotti, muuza vyakula vya mifugo, mtu mwenye tumbo kubwa na machozi ya karibu. Walinipangishia chumba kwa Doña Nélida, mjane ambaye mlango wa jiko lake unatokea kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu. Mume wake marehemu Anselmo alitoboa ukuta ule ili asikose mechi hata supu ikiwa motoni.

Tulianza vibaya. Tulifungwa, tukafungwa, tukafungwa tena. Kisha Oktoba, katika mechi ambayo tayari tulikuwa tumeshapotea, niliruka kuchukua mpira, nikashuka, na goti la kushoto likakataa kushuka nami. Daktari wa Paraná aliitazama picha ya goti, akanitazama usoni, akaniuliza kama nina kazi nyingine ninayoijua. Nikamwambia sina. Akasema basi nianze kuitafuta.

Ndiyo, dada. Nimesema Oktoba. Pointi zote nilizokuwa nakutajia tangu wakati ule hazikuwa zangu. Zilikuwa za nahodha wetu, kijana mwenye matege anayeitwa Chueco. Mimi sijagusa mpira miezi minane. Najua umesimama. Kaa tena.

Bertolotti alikuja kuniaga na boksi la peremende na macho mekundu. Akaniambia, kwa jina wanalomwita kila Mmarekani huku, "Yanki, mwanangu, ndiyo maisha haya, nani kakwambia tumeyaandika sisi?" Tiketi yangu ilikuwa ya Jumamosi. Mmarekani mwingine alikuwa ameshatafutwa. Ijumaa nikaenda ukumbini na magongo yangu kuwaaga wenzangu, maana walikuwa wanacheza na timu iliyokuwa inaongoza ligi, na nilitaka kuwa nao wakichinjwa. Benchi lilijaa. Doña Nélida akanionea huruma, akatoa kiti chekundu cha jikoni kwake, akakipitisha kwenye ule mlango wa Anselmo na kukiweka karibu na meza ya maji. Kulikuwa na baridi ya mvua. Akanitupia mabegani poncho ya marehemu, lile blanketi lenye tundu la kichwa, akinigombeza mbele ya watu wote: "Mtu mzima hovyo! Unataka goti na mapafu yaondoke wiki moja?" Akanitia mkononi andazi la moto. Zilikuwa zimebaki sekunde chache, tumezidiwa pointi mbili. Nikauma andazi. Wakati huohuo Chueco akarusha mpira kutoka katikati ya uwanja, mrusho wa mtu anayetupa taka, na mpira ukaingia: pointi tatu, tukashinda kwa moja.

Sasa lazima nikueleze jambo moja la watu hawa, maana bila hilo hutaelewa chochote. Huku kuna kitu wanakiita kabala. Timu ikishinda, kila mtu anarudia alichokifanya siku ile, vilevile, mpaka ishindwe. Kama ulikuwa umesimama mlangoni, unasimama mlangoni hadi Desemba. Kama ulikuwa umekosana na mkeo, mtakosana kila Ijumaa. Chueco ana soksi ambazo sasa zinaweza kusimama zenyewe. Anayeonyesha dharau kwa kabala anaonekana kama mtu aliyetema mate mezani. Na kinyume cha kabala ni mufa, mtu mwenye nuksi, ambaye jina lake halitajwi, akitajwa watu wanajikinga kwa namna nitakayokuambia baadaye nikipata ujasiri.

Jumamosi asubuhi mabegi yangu yalikuwa mlangoni. Bertolotti akaja na kofia mkononi. Akasema, "Yanki, ndege zipo kila siku, mechi ya Ijumaa ni moja. Hii moja tu, kisha nakupeleka uwanja wa ndege mwenyewe." Nikakaa hiyo moja. Tukashinda. Nikakaa nyingine, ya Jumapili. Yule Mmarekani mwingine wakamwandikia asije. Walisema hawamhitaji Mmarekani wa kucheza, wanaye wa kukaa.

Na haikutosha kukaa, dada. Ilibidi nikae kama siku ile. Lazima niingie kwa mlango wa jiko. Lazima Doña Nélida anigombeze kwa maneno yaleyale, na kwa kuwa yeye ni mpole, inambidi ajikaze. Lazima nipewe andazi, nisilile, nilishike mpaka liwe baridi kama jiwe, nisubiri sekunde za mwisho ndipo niume. Goti lilipata nafuu kabla ya Krismasi nikaweza kutembea mwenyewe, lakini siku ya kwanza nilipotoka bila magongo mwuza magazeti alifunga kibanda akanikimbilia: "Yanki! Una wazimu? Magongo!" Basi nikawa natembea kwa magongo ambayo siyahitaji, nikichechemea kwa adabu. Kinyozi hanikati nywele. Ndevu zangu ungeziona ungelia.

Januari tukashindwa mechi moja, ndipo nilipowaona vizuri. Walifanya mkutano kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wakaulizana mmoja mmoja nani amebadilisha nini. Ikagundulika Doña Nélida alikuwa ameifua poncho, kwa sababu ilinuka mafuta na yeye ni mtu safi. Hakuna aliyempigia kelele. Asubuhi alikwenda kwa mwoka mikate, na mwoka mikate akawahudumia wote waliokuwa nyuma yake. Akarudi bila mkate. Siku mbili alikaanga maandazi mchana kutwa, poncho imetundikwa juu ya jiko, ili harufu irudi. Nilimkuta anafuta machozi, akaniambia ni moshi. Ijumaa tukashinda, na mwoka mikate akamletea keki.

Utaniuliza kwa nini sikuondoka. Nilijaribu. Mei, wiki moja kabla ya sherehe ya Joelle ya kumaliza darasa la nane, nilikwenda kituo cha basi na begi langu moja. Graciela wa dirishani akanitazama kwa upendo akasema, "Mtandao umekatika, mpenzi wangu, tangu asubuhi." Nyuma yake nikaona kompyuta inawaka, na padri aliyekuwa mbele yangu alikuwa akiikunja tiketi yake kuiweka mfukoni. Nikatoka hadi barabara kuu nikasimamisha basi mwenyewe. Dereva akafungua dirisha akasema limejaa. Basi lilipoondoka viti vitupu vilipita mbele ya macho yangu, dirisha baada ya dirisha. Hapo likatokea gari la sajini wa polisi, taratibu kabisa. Sajini akashuka akachukua begi langu. "Panda, Yanki. Baridi hii itakuua, na wewe tunakuhitaji." Akanirudisha hadi mlangoni, akanibebea begi mpaka ndani, akakataa hata glasi ya maji. Jioni ile watu watatu waliniletea nyama.

Hakuna aliyenitisha, dada. Laiti wangenitisha, ningejua pa kupiga ngumi. Walinipenda, wakaniwekea mtoto mchanga mapajani ili nimbariki, wakanichagulia kipande cha mbavu kilicho karibu na mfupa, wakanifungia ndani ya mji wao kama mtu anavyomfungia ndani mgonjwa asipigwe na upepo. Nilikuwa nalala nikiusikia mlango wa jiko unavyocheza kwa upepo, hauna hata komeo, na bado nilijiona mfungwa.

Lakini nitakwambia na upande wa pili, maana wewe utaujua hata nisipousema. Ningeweza kumpigia balozi. Ningeweza kutembea kwa mguu mpaka mji wa pili, goti lingevumilia. Sikufanya hivyo. Niliogopa, Nadine. Huku hata nikiwa nimekaa tu mimi ni mtu, watu wanasimama nikiingia. Huko nyumbani ningeshuka kwenye ndege nikiwa mwanamume mrefu mwenye goti bovu asiye na kazi anayoijua, na Joelle angekuwa pale mlangoni kuniona hivyo. Sikuwa tayari anione hivyo. Basi nikampigia simu siku ya sherehe nikamwambia ligi imerefushwa. Akasema, "Sawa, baba." Akaniuliza kama tulishinda. Nikasema ndiyo. Akasema, "Najua." Sikujiuliza anajuaje.

Tukaendelea kushinda. Sportivo haijawahi kupanda daraja la kwanza tangu ianzishwe, na Jumapili iliyopita tulicheza mechi ya mwisho, hapahapa kwetu. Wenzetu walitoka Corrientes. Atakayeshinda anapanda. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Wazee waliletwa kwa viti vya magurudumu. Mtangazaji wa redio ya mji, Tito, alikuwa na sauti ya mtu anayetangaza ubatizo wake mwenyewe. Mimi niliingia kwa jiko, nikagombezwa, nikafunikwa, nikapewa andazi. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Tuliongoza toka mwanzo. Dakika nne za mwisho tulikuwa tunaongoza kwa pointi tisa, na Bertolotti alikuwa ameshaanza kulia.

Halafu mikono ya vijana wetu ikawa kama ina sabuni. Chueco alipoteza mpira mara mbili mfululizo. Mitupo huru ikagonga chuma. Sekunde za mwisho nikauma andazi, nikalitafuna kwa imani ambayo sikujua kama ninayo, na mpira wa Chueco ukazunguka kwenye ukingo wa kikapu, ukafikiri, ukatoka. Tulishindwa kwa pointi moja.

Waliingia chumba cha kubadilishia nguo na wakafunga mlango, wachezaji, viongozi, sajini na mwoka mikate wakiwemo, na Doña Nélida aliyekuwa bado ameshika sinia. Wakaanza kuulizana. Chueco aliapa kwa mama yake kwamba soksi ni zilezile, na hakuna aliyehitaji kiapo, harufu ilitosha. Wakati huo simu yangu ikatetemeka mfukoni chini ya poncho. Ilikuwa Joelle. Nikatoka nje kwa magongo yangu nikasimama nyuma ya ukuta, karibu na mitungi ya gesi.

Alikuwa analia hata hawezi kuvuta pumzi. Nilidhani wewe umekufa, dada, nakwambia ukweli. Nikamwita, nikamwita, mwishowe akasema, "Baba, ni mimi. Ni mimi niliyewafungisha. Nimevua sweta."

Kisha akaniambia yote. Tangu Novemba alikuwa ameitafuta redio ya Ferrán kwenye simu, kwa kuwa alitaka kusikia jina langu likitangazwa. Alisikiliza mechi nzima, na mtangazaji alikuwa anapiga kelele za majina ya wengine. Langu halikutajwa. Akafikiri labda siku ile niliumwa. Akasikiliza ya pili. Jina langu lilikuja mara moja tu, mwanzoni kabisa, Tito akisema kwa furaha kwamba Yanki ameshakaa kitini. Kihispania cha shule kilimsaidia kidogo, mengine aliyatafuta mwenyewe, neno kwa neno, mpaka akaelewa kiti kile na goti lile. Amejua miezi yote hii. Kila nilipomtajia pointi nilizofunga, mtoto wangu alikuwa upande wa pili wa simu anajua za nani, na alikuwa ananipongeza. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema aliona mimi ndiye ambaye siko tayari kusema.

Habari za kabala nilimpa mwenyewe kwenye simu, nikimchekesha kwa soksi za Chueco. Na siku ya kwanza aliyotusikia tukishinda, alikuwa chumba cha kufulia akisubiri nguo, amekaa juu ya mashine, mashine inazunguka, amevaa sweta langu kwa sababu kulikuwa na baridi. Basi akaishika hiyo. Kila mechi akakaa palepale, sweta lilelile bila kufuliwa, mashine inazunguka, ili mimi nishinde. Huyo ndiye mvulana wako, Nadine. Mvulana ni mimi.

Mei, baada ya sherehe ambayo sikuja, akapiga hesabu yake. Akaona kwamba kila tukishinda mimi nabaki. Yeye mwenyewe kwa mikono yake, kila Ijumaa na Jumapili, ndiye aliyekuwa ananifunga huku. Ndipo alipoacha kukuuliza narudi lini. Na bado hakuacha kulivaa, dada, wiki zote zile, kwa sababu alisema nikishinda sauti yangu inakuwa nzuri kwenye simu. Jumapili akavumilia mpaka dakika za mwisho. Tulipokuwa tunaongoza, akazima mashine, akalivua sweta akalikunja, akashuka kukaa sakafuni. Halafu akamsikia Tito analia hewani, akaogopa alichokifanya.

Akaniuliza kama nimekasirika. Mimi si mtu wa kuamini mambo haya, unanijua. Lakini pale nyuma ya mitungi ya gesi niliamini kila kitu. Nikamwambia, "Umechelewa, mama yangu. Ungelivua zamani." Akacheka huku analia, kicheko kilekile cha Renita, na mimi nikaegemea ukuta nikalia kama Bertolotti.

Niliporudi ndani walikuwa wamefika kwenye mafuta. Mtu alikuwa amemwuliza Doña Nélida kama mafuta ya kukaangia yalikuwa ya kawaida, naye akasema dukani ya kawaida yalikwisha, alinunua ya chupa nyingine. Akalikumbatia sinia kifuani. Nikamwona mwoka mikate akitazama sakafu, nikajua kesho itakuwaje kwake, na safari hii hakuna mechi ya Ijumaa ya kumsamehe.

Nikasema ni mimi. Nikasema tangu Jumamosi nimefunga mabegi yangu, nilikaa kwenye kile kiti moyo ukiwa umeshaondoka. Ulikuwa uongo, mabegi yalikuwa matupu chini ya kitanda, lakini nilipousikia mdomoni mwangu niliona hakuna neno la kweli kuliko hilo. Bertolotti akanisogelea. Akaniuliza taratibu, "Ulifunga mabegi, Yanki? Kabla ya fainali?" Nikasema ndiyo. Na hapo, dada yangu mtu wa kanisa, nitakwambia jinsi wanavyojikinga na mufa: mikono ya wanaume wote katika chumba kile ilishuka kwa pamoja, ikashika mahali ambapo siwezi kukuandikia. Bertolotti alishika. Sajini alishika. Chueco, ambaye nilimfundisha kurusha kwa mkono wa kushoto, aliangalia pembeni, kisha naye akashika. Niliyategemea hayo na bado yaliniuma.

Nikayaweka magongo juu ya benchi, nikatoka kwa miguu yangu mwenyewe.

Tangu Jumapili jina langu halitajwi mjini. Nikipita, watu wanakumbuka walichosahau ng'ambo ya barabara. Jumatatu nikaenda kituoni, na Graciela akasema bila kunitazama kwamba mtandao leo uko vizuri sana, akanikatia tiketi kabla sijamaliza kutaja siku. Kinyozi amenikata nywele kimyakimya, upesi, amenyoosha mikono mbali kama ananyoa kondoo mgonjwa. Chueco alipita na baiskeli leo asubuhi. Hakusimama, ila aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na kwa mji huu hilo ni jambo kubwa.

Doña Nélida peke yake ndiye anayeniita. Jana aliingia chumbani nikiwa nimepiga magoti kuvuta mabegi, vumbi bado limeyafunika. Akasimama mlangoni. Akasema, "Wewe si mufa, mwanangu. Wewe ni mwongo, tena mwongo mbaya. Mimi ndiye ninayefagia chini ya kitanda hiki." Kisha akakaa kando yangu akaanza kukunja mashati. Nikamweleza habari za Joelle na sweta. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavunjika mbavu kwa kicheko, akashika kifua chake upande wa kushoto, maana wanawake wao hujikinga hivyo, akasema mtoto huyo ana nguvu kuliko marehemu Anselmo.

Barua hii inabebwa na Mmarekani wa timu ya Corrientes, kijana mzuri wa Ohio aliyetufunga. Anaruka kesho na atakuwekea kwenye posta akitua. Mimi nafuata wiki ijayo. Sitakutajia siku, usinilazimishe. Nimekaa huku muda mrefu, na kuna mambo mengine mtu hayasemi mapema.

Nifikishie salamu kwa shemeji Curtis, na kwa Mchungaji, na kwa Bi Lucille wa jirani, umwambie sikumsahau na pai yake ya viazi vitamu. Joelle mwambie sweta sasa linaweza kufuliwa. Akikataa, mwache nalo. Na wewe, dada, asante kwa miaka yote uliyonilelea mtoto bila kunihesabia. Kazi nitatafuta. Chochote, ilimradi kiwe karibu na nyumbani.

Jambo moja la mwisho nakuomba. Siku nitakayofika najua utataka kunipangia mapokezi. Pika, alika watu, imbeni mkitaka. Ila usiniandalie kiti, Nadine. Nimekaa vya kutosha.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Cordell